Mama ana saratani ya damu, watoto waambiwe nini?

Barua ya wiki hii imetoka Iringa, na mwenyewe ameniruhusu niijibu hapa mradi nisimtaje jina. Ni mama wa miaka 34, ana mabinti wawili, mmoja wa miaka minane na mwingine mitatu. Miaka miwili iliyopita, yule mdogo akiwa bado ananyonya, mama huyu alianza kuchoka ovyo na tumbo likawa linajaa upande wa kushoto, chini ya mbavu. Akila matonge matatu ameshiba. Usiku anatoka jasho mpaka kanga inaloa. Mama mkwe akasema ni tumbo la uzazi, halikufungwa vizuri. Duka la dawa wakampa dawa ya malaria, halafu ya taifodi, halafu ya minyoo. Ilichukua miezi mitano mpaka tabibu wa kituo cha afya akamlaza kitandani, akamminya tumbo, akakuta bandama imekuwa kubwa hadi karibu na kitovu. Akaagiza kipimo cha picha nzima ya damu. Chembe nyeupe zilikuwa zaidi ya 200,000, kwenye kipimo ambacho mtu mzima mwenye afya huwa na kati ya 4,000 na 11,000.

Akapewa rufaa kwenda Dar es Salaam, na huko akaambiwa ana saratani ya damu ile inayokwenda polepole, ambayo madaktari huiita kwa kifupi CML. Leo anameza dawa kila siku, bandama imerudi mahali pake, na amerudi kwenye biashara yake ya mitumba. Watoto hawajaambiwa kitu. Kila akienda kliniki, nyumbani wanaambiwa mama ameenda semina.

Mwezi uliopita mwalimu wa darasa alimwita. Binti mkubwa alikuwa anajikunyata darasani, hachezi na wenzake, na amemwambia rafiki yake kwamba mama yake anakunywa dawa za watu wanaokufa. Mama anauliza mambo matatu. Je, awaambie watoto au awaache wakue kwanza? Afanye nini na maneno ya mtaani kuhusu dawa zake na ngozi yake? Na la tatu, ambalo ameliandika mwishoni kabisa kwa herufi ndogo, mama mkwe anataka mjukuu wa kiume, na mume hajasema ndiyo wala hapana.

Nitaanza na ugonjwa wenyewe, kwa sababu huwezi kumweleza mtoto kitu ambacho wewe mwenyewe unakiogopa bila kukijua. Damu hutengenezwa ndani ya uboho, ile sehemu laini iliyo katikati ya mifupa. Katika CML, seli moja ya uboho hupata hitilafu: vipande vya kromosomu mbili hukatika na kubadilishana mahali. Hitilafu hiyo iligunduliwa mwaka 1960 na watafiti wawili wa Philadelphia, Peter Nowell na David Hungerford, ndiyo maana mpaka leo kromosomu hiyo inaitwa kwa jina la mji wao. Matokeo yake ni kwamba uboho hupokea amri ya kutengeneza chembe nyeupe bila kusimama. Zinajaa kwenye damu, zinajaa kwenye bandama, na ndiyo maana tumbo linavimba upande mmoja.

Hitilafu hiyo hutokea mtu akiwa ameshazaliwa, tena hutokea kwenye seli za damu tu. Mama hakuirithi kwa wazazi wake na hawarithishi watoto wake. Haiambukizi kwa kijiko, kwa jasho wala kwa kulala kitanda kimoja. Umeandika kwamba usiku unawaza yale maziwa aliyonyonya mdogo kabla hujajua unaumwa. Maziwa yale hayakumpa saratani, dada yangu. Uliambiwa umwachishe kwa sababu ya dawa uliyokuwa unakwenda kuianza, maana dawa hiyo hupita kwenye maziwa. Hilo lilalie usingizi.

Kuna jambo moja ambalo watu wengi hawalijui. Ukisoma vitabu vya Ulaya na Marekani utaona ugonjwa huu unaelezwa kama wa wazee, kwa sababu kule wengi hugundulika wakiwa wamevuka miaka 60. Kwetu Afrika wengi wanagundulika wakiwa na miaka ya 30 na 40. Maana yake kule anayemeza dawa mara nyingi ni babu mwenye pensheni, na huku ni mama mwenye mtoto mgongoni na mwingine darasa la pili. Ushauri mwingi ulioandikwa kwa ajili ya yule babu haugusi kabisa maswali ya mama huyu.

Sasa habari ya dawa. Zamani, mgonjwa wa CML alikuwa na miaka michache tu mbele yake, kwa kuwa ugonjwa ukiachwa hubadilika kutoka hali ya polepole kwenda hali ya kasi ambayo haishikiki kirahisi. Mei 2001 Marekani iliruhusu imatinibu, ambayo wengi wanaifahamu kwa jina la Glivec. Ni kidonge. Kinakwenda kuziba ile amri mbovu inayouambia uboho uzalishe bila kikomo. Wagonjwa wa mwanzo walioanza nayo wakafuatiliwa kwa miaka zaidi ya kumi, na taarifa iliyotolewa mwaka 2017 ilionyesha kwamba baada ya miaka kumi asilimia 83 walikuwa hai. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Hapa nchini, kwa miaka mingi, wagonjwa waliosajiliwa katika Taasisi ya Saratani Ocean Road wamekuwa wakiipata bila malipo kupitia mpango wa kampuni ya Novartis pamoja na The Max Foundation, kwa sababu bei yake ya dukani ingemshinda karibu kila mmoja wetu.

Nimeyaeleza haya kwa urefu ili tuelewane kwamba unachotakiwa kuwaambia watoto ni habari ya ugonjwa wa miaka mingi. Hamfanyi kikao cha kuagana. Kama ungekuwa na saratani ya damu ya kasi, ile inayomlaza mtu wodini wiki nyingi kwa dawa za dripu, maneno yangekuwa mengine. Wasomaji wenye hali hiyo wasiyachukue yote ninayoyasema hapa kama yalivyo.

Kwa hiyo swali la kwanza. Mimi nasema waambie, na uwaambie wiki hii.

Binti yako mkubwa anajua tayari. Anajua kwamba unameza kidonge kila siku baada ya chakula. Anajua simu ikilia kutoka Dar unatoka nje kupokea. Aliona ulivyokonda, aliona tumbo, alikuona umelala mchana wakati wewe si mtu wa kulala mchana. Na hizo semina, mtoto wa miaka minane anazijua: mtu akitoka semina anarudi na begi na kalamu, wewe unarudi na plasta mkononi. Alichokosa ni mtu wa kumpa maelezo, basi akajitengenezea ya kwake kutokana na maneno ya wenzake. Maelezo ambayo mtoto hujitungia peke yake karibu kila mara huwa mabaya kuliko ukweli.

Kuna lingine ambalo wazazi husahau. Watoto wa umri huu hudhani kwamba wao ndio wanaosababisha mambo. Siku aliyokujibu vibaya ukamwambia utaniua wewe mtoto, kisha wiki ileile ukaenda hospitali, yeye ameyaunganisha. Hatakuambia. Atajikunyata tu darasani.

Chagua siku ambayo hukuchoka, mkiwa mnafanya kazi ndogo ya mikono, kuchambua mchele au kumenya njegere. Mtoto huongea vizuri zaidi macho yake yakiwa kwenye kazi. Mume awepo. Taja ugonjwa kwa jina lake, usiseme homa wala tumbo, maana siku akiumwa homa yeye mwenyewe atadhani yamemkuta yaleyale. Mwambie hivi, kwa maneno yako: mama ana ugonjwa kwenye damu, unaitwa saratani ya damu. Hakuna aliyeniletea, si wewe, si mdogo wako, si mtu yeyote. Hauambukizi, tutakula sahani moja na kulala pamoja kama kawaida. Dawa hii naimeza kila siku ili ugonjwa ukae kimya. Nikienda Dar ninakwenda kwa daktari kupimwa damu, na nikiwa huko mama mdogo atakaa nanyi.

Kisha nyamaza. Mwache aulize. Anaweza asiulize kitu, akaomba kwenda kucheza, halafu swali likaja siku ya nne ukiwa unamchana nywele.

Swali lenyewe unalijua. Atauliza kama utakufa. Usimwambie hapana, mama hatakufa kamwe, kwa sababu ni ahadi ambayo hakuna mzazi mwenye nayo, hata mimi nisiye na ugonjwa huo. Usimtolee pia hotuba ya mapenzi ya Mungu halafu ukaishia hapo, maana wengi wetu tukikosa jibu ndiko tunakokimbilia, na mtoto anabaki na woga wake palepale. Mwambie kwamba watu wengi wenye ugonjwa kama wako wanaomeza dawa vizuri wanaishi miaka mingi, kwamba wewe unaimeza vizuri, na kwamba kitu chochote kikibadilika utamwambia wewe mwenyewe, hatakisikia kwa mtu mwingine. Hiyo ya mwisho uitimize.

Yule wa miaka mitatu hahitaji hotuba. Kwake saratani ni neno kama maneno mengine. Anachotaka kujua ni nani atamwogesha, nani atampa uji, na mama anarudi lini. Njia moja nzuri ni kuweka punje za maharage kwenye kikombe, moja kwa kila siku utakayokuwa safarini, na kila jioni atoe moja. Kikombe kikibaki kitupu mama yuko njiani. Iringa mpaka Dar ni kama kilomita 500, basi la asubuhi linakufikisha jioni, kwa hiyo hesabu siku za safari pia, kwani mtoto hasamehi punje iliyokosewa.

Mwalimu wa darasa naye aambiwe. Si lazima shule nzima ijue. Mwalimu mmoja anayejua kwamba wiki ya kliniki mtoto atakuwa mzito wa kusoma anatosha.

Na sasa onyo dogo. Ukishamwambia binti mkubwa, usimgeuze nesi. Nimeona nyumba ambapo mtoto wa miaka minane au tisa ndiye anayemkumbusha mama dawa, ndiye anayehesabu vidonge, na siku mama akisahau analia kwamba amemuua. Akitaka kuweka alama kwenye kalenda kila ukimeza, aweke, watoto wanapenda. Lakini mwenye kazi ya kukumbusha ni mtu mzima.

Hapo nimemfikia mume. Barua yako ina kurasa tatu na yeye ametajwa kwenye mistari miwili. Sijui kama ni yeye aliyekaa pembeni au ni wewe uliyemweka pembeni ili usimwongezee mzigo, nimeona yote mawili. Ila ugonjwa huu hautunzwi na mtu mmoja. Mwaka 2010 madaktari wa London walichapisha utafiti wa wagonjwa 87 waliowekewa kwenye chupa zao za dawa vifuniko vinavyoandika kila zinapofunguliwa. Waliomeza zaidi ya asilimia 90 ya dozi zao, karibu wote damu yao ilifika kiwango kizuri. Waliomeza asilimia 90 au pungufu, hawakufika hata theluthi. Piga hesabu ya mwezi wa siku 30: ukiruka siku tatu umeshashuka mpaka 90. Siku tatu ni msiba mmoja wa kijijini ambao ulisahau kubeba dawa.

Ndiyo maana nasema dawa iwe ya nyumba nzima kwa utaratibu, hata kama inaingia mdomoni kwako peke yako. Imezwe pamoja na chakula na bilauri kubwa ya maji, kwa kuwa ikikutana na tumbo tupu inaleta kichefuchefu, na kichefuchefu ndicho kinachowafanya wengi waanze kuiruka. Chagua mlo ambao hauukosi. Wewe unakwenda sokoni alfajiri, chai unakunywa kwa kuunga, basi chakula cha usiku ndicho chako. Ukisahau siku moja, usimeze mara mbili kesho yake, endelea na dozi ya kawaida. Akiba ya siku chache iwe kwenye pochi kwa ajili ya misiba na mabasi yanayoharibika njiani. Mume ajue tarehe dawa inapokwisha kama anavyojua tarehe ya kodi ya nyumba, na nauli ya kliniki itengwe mapema, hata kama ni kwenye mfuko wa kikoba, isije ikawa dawa ipo bure Dar na wewe umekwama Iringa kwa kukosa nauli.

Chombo kikae juu, mbali na mkono wa yule mdogo. Vidonge vya rangi ni pipi kwake.

Usichanganye na miti shamba bila kumwambia daktari wako. Najua umepelekewa, umesema shangazi alileta chupa mbili. Balungi nalo liache, linapandisha kiwango cha dawa mwilini. Na kama itatokea mtu akaugua TB akiwa kwenye imatinibu, amwambie daktari wa TB mapema, kwa sababu rifampisini inaishusha nguvu dawa hii.

Uchovu upo, na hauonekani kwa macho, ndiyo ubaya wake. Watu wanakuona umenenepa kidogo, macho yamevimba asubuhi, wanasema umependeza. Kumbe uvimbe wa macho ni dawa, na misuli ya miguu inayokaza usiku ni dawa. Kufua mashuka, kuchota maji, kubeba mtoto aliyelala, hizo ni kazi ambazo mwanamume wa nyumba anaweza kuzichukua bila kutangaziwa. Yakizidi yote hayo kaeleze kliniki, yana namna ya kutulizwa. Kitu kisichokubalika ni kupunguza dozi mwenyewe nyumbani.

Sasa maneno ya mtaani. Umeandika kwamba tangu uanze dawa umekuwa mweupe, na mashoga zako sokoni wanakuuliza mkorogo gani unatumia. Nilicheka, halafu sikucheka. Ni kweli dawa hii hung'arisha ngozi kwa baadhi ya watu, hasa sisi wenye ngozi nyeusi. Pamoja na ile amri mbovu kwenye damu, inagusa pia protini nyingine ambayo seli za kutengeneza rangi ya ngozi zinaitegemea. Wengine wanang'aa mwili mzima, wengine wanapata mabaka. Haina maumivu. Jikinge na jua kwa kofia na mtandio, usipake kitu cha kurudisha rangi, na usiache dawa kwa ajili ya hilo. Kuna mwanamke aliyekaribia kuachika kwa sababu mume alidhani anajichubua kwa fedha za matumizi. Mume wako ameshalisikia hili kutoka kwa daktari, au amelisikia kwa majirani?

Wanaosema unatumia ARV, huna deni la kuwaeleza. Nisingependa pia uwajibu kwa kujitetea kwamba wewe si kama wale, kwani wanaotumia ARV nao ni wazazi wanaolea, na dawa yao ni ya kila siku kama yako. Chagua watu wawili au watatu wa kuwaambia ukweli: mmoja wa kukaa na watoto, mmoja wa kukukopesha nauli, na mmoja wa kulia naye. Wengine waendelee na mazungumzo yao.

Mama mkwe hayumo kwenye hao wengine. Yeye ni lazima ajue, na wa kumwambia si wewe. Aambiwe na mwanawe, kwa lugha ya kwao, akiwa amekaa chini. Hadi leo anaamini ni tumbo la uzazi ambalo halikufungwa, na mtu anayeamini hivyo haoni ubaya wowote kudai mjukuu. Simlaumu. Kuhusu kutaka wa kiume, huyo mwanawe aelezwe pia kwamba mbegu inayoamua hilo inatoka kwake.

Jibu la swali lako la tatu ni hili. Imatinibu ikimkuta mtoto tumboni katika miezi ya mwanzo inaweza kumletea kasoro za maumbile. Kwa hiyo kwa sasa unahitaji njia ya uzazi wa mpango unayoiamini, na ukiona siku zimepita nenda hospitali mara moja, usisubiri tumbo lionekane. Kwa wanaume wenye ugonjwa huu mambo ni mepesi zaidi, wengi wamepata watoto wazima huku wakiendelea na dawa. Kwa mwanamke ni safari ndefu, ila mlango haujafungwa kabisa. Wapo ambao damu yao ikishakaa vizuri sana kwa miaka, daktari hukubali wasimamishe dawa kwa muda, wapate mimba huku wakipimwa mara kwa mara, na ikibidi kutibiwa wakiwa wajawazito ipo dawa nyingine ya sindano inayoweza kutumika. Uamuzi huo hutegemea kipimo kinachohesabu ile hitilafu kwenye damu, ambacho siku hizi kinaweza kufanywa hata kwa mashine ileile inayopima TB kwa haraka. Wewe hujafikisha hata miaka miwili kwenye dawa. Mapema mno.

Ninachokiogopa, na ndicho kilichonifanya nikujibu wiki hii badala ya kukuweka kwenye foleni, ni ile sentensi yako kwamba umewaza kuacha dawa kimya kimya miezi michache, upate mimba, halafu uendelee. Usifanye hivyo. Ukiacha bila kipimo hutajua chembe zinapanda kwa kasi gani, na bandama ikianza kuvimba tena itavimba pamoja na mimba, na watu watasema ni mimba tu. Mabinti wawili wa hapo nyumbani wanamhitaji mama yao kuliko wanavyomhitaji kaka.

Umesema miadi yako ijayo ni mwezi ujao. Mwende wote wawili, watoto wabaki na mama mdogo na kikombe chao cha maharage. Swali la mimba aliulize mume mbele ya daktari, kwa mdomo wake, na mkirudi Iringa jibu alipeleke yeye mwenyewe kwa mama yake.